Utando wa Kijani Jarubani: Utolewe au Uachwe?

Katika barua za majuma haya moja nimeiweka juu ya nyingine zote, kwa sababu ndani yake mna ugomvi wa nyumbani. Mama mmoja wa bonde la Kilombero aeleza kwamba jaruba lao limefunikwa na utando wa kijani, na miche haijamaliza majuma matatu tangu ipandikizwe. Mumewe ataka utando wote utolewe kwa reki, kisha amwage mfuko wa urea, mfuko mmoja walioupata kwa kuuza mbuzi. Mama mkwe, aliyelima bonde hilo tangu usichana wake, akataza usiguswe, maana asema ndio unaoulisha mpunga. Mama wa barua amekaa katikati, naye auliza amsikilize nani, kwani mfuko ukipotea hawana mwingine mwaka huu.

Mama yangu, nakujibu hapa mbele ya watu kwa kuwa wengi wameketi hapo katikati pamoja nawe. Baba wa nyumba ana haki kidogo. Mama mkwe ana haki zaidi, tena mpelekee salamu zangu. Lakini habari ya ule mfuko na ule utando, jinsi mmoja unavyoweza kumla mwenzake, hakuna kati yao aliyeitaja, nayo ndiyo inayogusa fedha yenu.

Utando huo huitwa mwani. Watu wa pwani walijua neno hili kwa mimea ya baharini, ile inayokaushwa na kuuzwa huko Unguja na Pemba. Mwani wa jarubani ni mdogo sana, na mwingi hauonekani kwa macho mpaka ujikusanye maelfu kwa maelfu. Tena si wa namna moja, na hapo ndipo ugomvi wenu ulipoanzia.

Ingiza mkono majini uuvute. Ukitoka nyuzi ndefu kama nywele zilizolowa, huo ni mwani wa kijani wa kawaida. Hauna sumu, lakini hauna faida kubwa kwenu. Mchana, jua likiwaka, povu lake huuinua ukaelea kama blanketi. Upepo ukivuma blanketi husukumwa pembeni mwa jaruba na kuilaza miche yote iliyo njiani. Huo mumeo na autoe kwa reki, kwa haki yake, na autupe katika shimo la mbolea. Lakini ukikuta kitu kisichovutika nyuzi, bali chakatika kama uji ulioganda, rangi yake kijani iliyoiva karibu na bluu, au kahawia, au vidonge laini kama maharagwe yaliyolowekwa, ngoja kwanza. Kipimo hiki cha mkono hakishindi hadubini, lakini chatosha shambani. Huo wa pili waitwa mwani wa bluu-kijani. Siku hizi wataalamu wauhesabu pamoja na bakteria, si pamoja na mimea, ila jina la zamani limebaki. Huu ndio wa mama mkwe.

Kila mmea wahitaji naitrojeni ili uwe na majani na punje. Nayo naitrojeni si haba duniani: katika hewa tunayovuta, sehemu 78 kati ya 100 ni naitrojeni. Hata hivyo mpunga umesimama katikati ya chakula hicho usiweze kukila, kama mtoto aliyefungiwa nje ya ghala. Mwani wa bluu-kijani una ufunguo. Wachukua naitrojeni ya hewa na kuigeuza kuwa chakula ambacho mmea waweza kukitumia.

Jinsi ufanyavyo ni jambo ambalo kila ninapolifikiri namshukuru Muumba. Kamata rozari yako. Mwani huu, aina ziitwazo Anabena na Nostoki, umeungana kama punje za rozari katika uzi. Punje nyingi ni sawasawa, za kijani, nazo hufanya kazi ya kupika sukari kwa nuru ya jua. Kisha, kila baada ya punje kumi au zaidi, huja moja iliyo tofauti, kubwa kidogo, iliyopauka, yenye ukuta mnene, kama punje ya Baba Yetu kati ya zile za Salamu Maria. Hiyo ndiyo inayofunga naitrojeni. Ukuta wake ni mnene kwa sababu hewa ya oksijeni, ambayo majirani zake huitoa mchana kutwa, ingeiharibu kazi yake mara moja. Basi yenyewe haipiki sukari. Yaletewa na majirani, nayo yawarudishia naitrojeni. Wakifa wote na kuoza, au wakiliwa na wadudu wa majini, naitrojeni yashuka katika tope na mpunga waipata kwa mizizi.

Wazee walikwisha kuona kwamba mpunga wa majini hauchoshi udongo upesi kama mahindi ya mlimani, ila sababu haikujulikana. Mwaka 1939 mtaalamu wa Bara Hindi, P. K. De, aliyechunguza udongo wa mashamba ya mpunga ya Bengal, alitangaza kwamba mwani huu ndio wenye kazi kubwa ya kuongeza naitrojeni jarubani, ambapo kabla yake wengi waliwasifu bakteria wa udongo peke yao. Huko Los Baños, nchini Filipino, ambako Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mpunga iliundwa mwaka 1960, walianza mwaka 1963 shamba la majaribio ambalo sehemu yake moja hainyunyiziwi naitrojeni kamwe. Sehemu hiyo imevunwa zaidi ya mara 100. Mavuno yake ni madogo kuliko ya jirani zake wanaotiwa mbolea, naam, lakini hayakukatika. Mwani haukufanya kazi hiyo peke yake. Bakteria wa topeni na maji ya mfereji pia huleta sehemu yao.

Sasa tuje kwenye hesabu, maana najua mume wako atauliza ni kiasi gani. Waliokusanya vipimo vya nchi nyingi wamepata kwamba kwa wastani mwani huu hufunga naitrojeni karibu kilo 30 katika hekta moja kwa msimu mmoja. Pengine ni chini sana ya hapo, pengine ni zaidi ya mara mbili. Hekta ni karibu eka mbili na nusu, basi eka moja yapata kilo 12 hivi. Mfuko wa urea wa kilo 50 una naitrojeni kilo 23. Hivyo utando unaotaka kuzolewa wafanana na nusu ya mfuko kwa eka, uliokuja bila nauli. Usidhani lakini kwamba mpunga waipata yote msimu huo huo. Hupata robo, au theluthi; iliyosalia hukaa topeni kwa miaka inayofuata, na nyingine hupotea. Anayewaambia wakulima kwamba kwa sababu ya mwani hawahitaji samadi wala mbolea yoyote awadanganya. Mwani huweka sufuria mekoni, haiji ikajaa.

Mwaniambia mfuko utamwagwa majini, juu ya utando au mahali utando ulipokuwa. Tafadhalini, msifanye hivyo. Nitaeleza sababu kwa kirefu kidogo, kwa kuwa nimeona watu wengi wenye bidii wakipoteza fedha hapa, nao wakaishia kusema mbolea ya siku hizi ni mbovu.

Jaruba lina saa zake. Alfajiri maji yametulia, karibu sawa na maji ya kisima. Jua likipanda, mwani wote, wa nyuzi na wa bluu-kijani, waanza kula ile hewa ya ukaa iliyoyeyuka majini, kama majani yote yafanyavyo. Ifikapo saa sita mchana hewa hiyo karibu imekwisha, na maji yaliyokwishiwa nayo hubadilika tabia yakawa kama yametiwa magadi. Usiku mwani haupiki. Wapumua tu, hewa ya ukaa yarudi, magadi yaisha. Kesho yake mambo ni yale yale. Sasa urea iliyomwagwa majini hugeuka kuwa amonia. Katika maji ya kawaida amonia hutulia. Katika maji yenye tabia ya magadi hugeuka hewa na kupaa. Ukitaka kuijua amonia, ingia zizi la mbuzi lililofungwa usiku kucha. Ile harufu inayochoma pua ndiyo yenyewe. Vipimo vilivyofanywa katika majaruba ya Asia vimeonyesha kwamba urea iliyomwagwa majini miche ikiwa michanga hupotea hivyo hata nusu yake. Nusu ya mfuko! Hiyo ni nusu ya mbuzi wenu, imepaa juu ya bonde mchana kweupe na hakuna aliyeiona.

Tena kuna hasara ya pili. Mwani wa bluu-kijani ukikuta naitrojeni tele majini, huacha kuitafuta hewani. Punje zile za Baba Yetu hazitengenezwi tena, kama kijana anayepata ugali kwa shangazi kila siku asivyoshika jembe. Na mwani wa nyuzi, ambao haujui kufunga naitrojeni, hufurahia mbolea yenu na kuzaana. Hivyo mwamwaga urea, mwawalaza wafanyakazi, mwawalisha wavivu, kisha mwalalamika kwamba utando umeongezeka.

Njia iliyo bora ni kuificha urea chini ya tope, mahali mwani hauifikii. Wenye mfereji na kingo nzuri wayatoe maji yote mpaka tope lionekane, wanyunyize, wafukie papo hapo kwa jembe dogo au kwa miguu, kisha wafungulie maji bila kukawia. Kukausha huko kwaua kazi nyingine mbili kwa mpigo: blanketi la nyuzi lalala chini na kufa, na viluwiluwi vya mbu vyafa pia, ikiwa nyayo hazikuacha vidimbwi. Wasio na mfereji, ambao maji yao ni ya mvua na mto uliofurika, na najua katika Kilombero ndio wengi, wafanye kazi ya mikono. Chukueni tonge la udongo, tieni urea kidogo katikati, lifungeni, mlizamishe kwa kina cha kidole katikati ya mashina manne. Nchini Bangladesh wakulima wengi hutumia urea iliyoshindiliwa kiwandani ikawa vidonge vikubwa, nao hufanya vivyo hivyo. Ni kazi ya kuuma mgongo, sikatai, na mara nyingi mgongo wenyewe ni wa mama. Baba na watoto wakubwa washike mistari yao.

Wengine hushauri kumwaga jioni, jua likiwa limetua na maji yamepoa. Haisaidii sana. Urea haigeuki amonia kwa saa moja. Huchukua siku mbili tatu, na katika siku hizo saa sita ya mchana itafika tu. Kinachosaidia kweli ni kivuli. Mpunga ukishakua na majani yake kukutana, kwa wengi wenu ni wakati wa Kwaresima, jua halifiki majini kama kwanza, mwani wapungua nguvu, na magadi ya mchana nayo yapungua. Basi sehemu ya mfuko iwekeni mpaka hapo, muda mfupi kabla ya mpunga kubeba mimba. Wakati huo mizizi imejaa juu ya tope na huivuta mbolea upesi, hata ikinyunyizwa.

Pengine mwenzetu wa Mwea au wa Mbarali atauliza, je, kama jarubani mwake hakuna mwani wa bluu-kijani, anunue mbegu yake? Bara Hindi wamewahi kukuza mwani katika mabirika na kuwagawia wakulima, na hadithi za mafanikio ni nyingi, lakini mara nyingi mwani mgeni umeshindwa na wenyeji. Udongo wako karibu hakika unao tayari. Yale magamba meusi makavu yanayokwaruzika chini ya miguu wakati wa kiangazi, mengine ni Nostoki iliyolala. Yaweza kulala miaka na kuamka kwa mvua moja. Kinachokosekana mara nyingi si mbegu bali fosforasi. Udongo wenye uchachu nao huuzuia. Samadi kidogo, au mbolea ya mawe ya Minjingu, ile ichimbwayo karibu na Ziwa Manyara, hufanya kazi kuliko mbegu ya kununua.

Mwani una walaji pia. Tazama majini asubuhi utaona vidudu kama punje za ulezi, vyenye gamba pande mbili, vikienda mbio huku na huku. Hivyo hula mwani wa bluu-kijani mchanga kama mbuzi wanavyokula mchicha. Konokono nao hula, na kati ya konokono hao wamo wanaobeba kichocho, kwa hiyo watoto wasikae majini saa nyingi kwa michezo. Katika miaka ya 1980 watafiti wa Filipino walitumia mbegu za mwarobaini zilizotwangwa kupunguza vile vidudu, na mwani uliongezeka. Mwarobaini tunao. Ila msijaribu katika jaruba lenye samaki.

Na viluwiluwi vya mbu wa malaria? Ndiyo, navyo hula mwani. Ifakara, ambako uchunguzi wa magonjwa haya ulianza mwaka 1957 karibu na hospitali ya misheni, watu wanawajua mbu wa majaruba vizuri. Mbu wengi wa malaria wapenda maji yenye jua, wakati mpunga ungali mfupi, yaani wakati ule ule mwani unapostawi. Baada ya majani kufunga kivuli hupungua. Basi majuma ya kupandikiza ndiyo ya kukagua matundu ya vyandarua. Msikimbilie kunyunyiza dawa ya wadudu kila mnapoona kitu kinachotembea. Dawa huwaua kwanza wadudu wakubwa wanaokula viluwiluwi, na mbu hurudi mapema kuliko hao walinzi.

Mwenye kingo imara na maji ya kudumu aweza kuweka perege. Hapo zamani ilifikiriwa kwamba samaki hawawezi kuusaga mwani wa bluu-kijani tumboni. Katika Ziwa George, Uganda, ilidhihirika, na habari ikachapwa mwaka 1973, kwamba perege anao uchachu mkali tumboni unaovunja ukuta wa mwani huo. Hivyo naitrojeni ya hewa yafika mezani kwenu ikiwa kitoweo cha Ijumaa, na kinyesi cha samaki chabaki jarubani.

Neno moja la hatari. Baadhi ya mwani wa bluu-kijani hutoa sumu, hasa ukijazana katika maji yaliyosimama. Katika Ghuba ya Winam, upande wa Kisumu, utando wa namna hiyo umeonekana mara nyingi. Mpunga wenyewe si wa kuogopwa, lakini maji ya jaruba yasinywewe na mtu, wala ng'ombe na mbuzi wasinyweshwe penye utando mzito. Kuyachemsha hakuondoi sumu hiyo. Maji ya kunywa yaende nanyi shambani katika dumu.

Nimebakiwa na nafasi ya kumtaja jamaa mmoja wa mwani, azola. Huu ni mmea mdogo uelealeao, wa jamii ya kangaga, majani yake kama magamba ya samaki, kijani au mekundu jua likizidi. Ndani ya kila jani mna kijichumba, na kijichumbani amepangishwa yule Anabena wetu. Kwa hali njema azola yaweza kuongezeka mara mbili kwa siku chache. Nchini Vietnam wamekuwa wakiilima pamoja na mpunga tangu karne nyingi, na yasemekana ziko familia zilizoificha siri ya kuihifadhi wakati wa joto, baba akimwambia mwana tu. Ikifunika maji huyatia kivuli, kwa hiyo magadi ya mchana hayapandi sana na urea haipai kama kwanza. Ikizikwa topeni ni mbolea. Ikitupwa bandani, kuku huigombania. Ila isiwekwe kabla miche haijashika na kuinua vichwa juu ya maji, isije ikaifunika, na isiachwe kuingia mferejini ikaziba.

Mama yangu wa Kilombero, kama mwaiona karibu nanyi, chukua kiganja kimoja, uikuze katika shimo dogo chini ya mgomba, na kijiko cha samadi kila juma. Kiangazi chote iwe na maji ya kina cha kiganja na kivuli cha mchana. Mama mkwe atajua wakati wa kuihamishia jarubani.